Lori Ambalo Babu Yangu Hakuliendesha

Wakala aliyenitafutia kazi alisema nitalinda ghala la vitu vya kale, nami nikadhani ni fanicha. Kwetu Vihiga kitu cha kale ni kabati la nyanya mzaa mama au redio isiyoshika stesheni. Nilipanda ndege nikijiona nimeketi kwenye kiti kizito cha mninga, kiyoyozi kinanipuliza, nainuka mara moja kila saa kuhakikisha hakuna aliyeondoka na meza.

Siku ya kwanza nilipofunguliwa mlango wa lile ghala, kule Dubai Investments Park, kati ya kiwanda cha ngazi za alumini na karakana ya kushona mapazia, nilikuta mzinga umenielekea kifuani. Ulikuwa umechomoza kwenye gari la deraya lenye rangi ya mchanga. Nyuma yake palikuwa na jipu, ambulensi yenye msalaba uliofifia, pikipiki yenye kigari cha pembeni, na lori kubwa la turubai. Vyote vya jeshi, vyote vizee, vimepangwa mstari mmoja kana kwamba vinangoja kukaguliwa.

Mkaguzi alifika baada ya nusu saa. Alikuwa mwenyeji wa Dubai, mtu wa makamo, mpole, anayeuza vipuri vya viyoyozi kwa jumla. Nilimwita sir, kama wote walivyomwita. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alivua ndara zake mlangoni, akatembea peku kutoka gari hadi gari, na kila moja akaligusa boneti na kulisalimia kwa Kiarabu. Kisha akanigeukia kunipa maagizo ya kazi.

"Usifute vumbi," akasema.

"Sawa, sir."

"Vumbi la zamani usifute. Limetoka vitani. Vumbi jipya la hapa Dubai lifute kila asubuhi."

Nikatazama boneti ya lori. Vumbi lilikuwa moja.

"Sir, nitajuaje lipi ni lipi?"

"La zamani ni jekundu kidogo," akasema, akanipa brashi ndogo ya kupakia rangi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, katika mji ambao jengo la miaka ishirini linaitwa la kale na linabomolewa. Nami kila asubuhi, nikiwa nimevaa sare ya ulinzi na buti, nilikuwa napepeta vumbi kwa brashi, nikitenganisha la vita na la barabarani.

Aliyeniokoa ni fundi. Alikuwa mzee wa Kiunguja ambaye familia yake ilihamia Ghuba yeye angali kijana, na katika ghala lile ndiye peke yake aliyejua kuziwasha zile injini. Nilimwita Mzee, naye aliniita mwanangu, hata siku alizokuwa amenikasirikia. Alikunja kikoi juu ya suruali ya kazi, akavaa kofia iliyokolea grisi, na alikuwa na maoni makali juu ya kila kitu, hasa Kiswahili changu.

"Nyie watu wa bara mnasema Kiswahili kama mnapasua kuni," aliniambia siku ile ya kwanza. Kisha akaiona brashi. "Amekupa na wewe? Sikiliza mwanangu. Futa vumbi lote leo. Kesho hili la leo litakuwa la zamani."

Nilifanya hivyo kwa wiki moja. Sir alipokuja aliinama juu ya boneti, akatazama kwa muda mrefu, akasema nina jicho zuri.

Kati ya magari yote, lori ndilo alilolipenda kuliko watoto wake, na haya si maneno yangu, aliyasema madam, mke wake, siku aliyokuja kupima ghala kwa utepe akitaka kulifanya stoo ya manukato. Sir aliamini lori lile lilipigana vita vikuu vya pili mwanzo hadi mwisho. Kwenye mlango wake kulikuwa na matundu manne, nayo alisema ni ya risasi. Mzee alisema ni kutu. Na nyuma, juu ya mbao za kubebea mizigo, kulikuwa na doa kubwa la rangi ya kahawia. Sir alilizungushia kamba nyekundu yenye vigingi vya shaba, kama zile za benki. Alisema ni damu ya shujaa asiyejulikana, na akikaribia pale hupunguza sauti.

Nililinda doa lile kwa miezi mitano bila tatizo. Tatizo lilianza siku nilipokaa.

Kokoto ilikuwa imeniingia kwenye buti, nikakaa kwenye ngazi ya lori kuitoa. Kukaa juu ya magari kulikuwa marufuku kabisa. Sikumsikia sir akiingia kwa sababu alikuwa peku. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu, na mimi nina buti moja mkononi.

Mtu akishikwa vile, ulimi hutafuta njia wenyewe. "Samahani, sir," nikasema. "Nilikuwa namkumbuka babu yangu. Alikwenda vitani."

Kwamba babu alikwenda vitani ilikuwa kweli. Kwamba nilikuwa namkumbuka ilikuwa uongo. Uso wa sir ulibadilika. Akakaa chini sakafuni na kanzu yake nyeupe, akakunja miguu kama mtoto anayengoja hadithi.

"Vita vipi?"

"Vile vya Wazungu, sir. Huko Bama, yaani Burma."

"Niambie yote."

Shida ni kwamba yote niliyoyajua yalikuwa matatu. Babu alikufa nikiwa na miaka tisa. Nilijua alikwenda Bama, nilijua alirudi na koti zito alilolivaa hata wakati wa jua kali, na nilijua alikuwa hali wali. Ukipikwa wali nyumbani, hata wa Krismasi, alichukua kigoda chake akaenda kukaa nje hadi sufuria ioshwe. Nikamweleza sir hayo matatu. Aliuliza swali moja tu.

"Aliendesha lori?"

"Sijui, sir," nikasema. Kisha, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa matumaini makubwa sana, nikaongeza, "Labda."

Siku nane baadaye kibao cha shaba kilipigiliwa kwenye ubavu wa lori, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Kilisema kwamba lori hili liliendeshwa vitani na babu wa mlinzi wa ghala hili, ambaye damu yake inalilinda hadi leo.

Nilisoma mara mbili, nikamfuata sir alipokuwa akikisugua kwa kitambaa.

"Sir, babu yangu hakuendesha lori hili."

"Aliendesha lipi?"

"Sijui, sir."

"Basi huwezi kusema si hili."

Nilimwendea Mzee, ambaye alikuwa chini ya jipu, miguu tu ikionekana, nikamwambia lori limenipa babu. Akacheka hadi spana ikamwanguka.

"Kosa lako," akasema kutoka chini kule. "Umesema labda. Labda ya mlinzi ni ndiyo ya tajiri."

Jambo lingeishia ghalani kama sir asingekuwa na wenzake. Dubai kuna watu wa kila aina ya mapenzi, na kumbe walikuwepo kumi na kitu wenye mapenzi haya: wenyeji, Wazungu, Mhindi mmoja mwenye pikipiki za jeshi kumi na moja na hajui kuendesha baiskeli. Waliamua kufanya maonyesho ya siku moja, Ijumaa, kwenye ua wa hoteli moja kule Dubai Marina. Sir akaamua kupeleka gari la deraya, lori, na mimi.

Mimi nilipelekwa nikiwa na vazi. Alininunulia koti la kijeshi la sufu, refu hadi magotini, na kofia ya kijeshi ya kuvaliwa upande. Nikamkumbusha kwamba tuko mwezi wa tano.

"Babu yako alivaa koti kwenye jua," akasema. "Wewe mwenyewe uliniambia."

Lori lilibebwa juu ya lori jingine, kwa kuwa breki zake zilikuwa za kuombea dua. Mzee aliketi mbele na dereva akilalamika njia nzima kwamba gari kubebwa na gari ni fedheha, ni sawa na imamu kubebwa mgongoni kwenda msikitini.

Getini mwa hoteli tulikwama kwa sababu ya mzinga. Msimamizi wa usalama wa hoteli, kijana nadhifu mwenye waya sikioni, alilizunguka gari la deraya mara tatu, akasema silaha haiingii bila hati ya kuthibitisha imeharibiwa.

"Haijaharibiwa," Mzee akamwambia kwa Kiarabu, kisha akanigeukia akanitafsiria, maana nilikuwa sielewi kwa nini msimamizi amerudi nyuma hatua mbili. "Nimemwambia haijaharibiwa kwa sababu si silaha. Mzinga wenyewe uling'olewa zamani. Hili ni bomba la maji machafu. Nimelipaka rangi mimi."

Msimamizi akaligonga kwa kidole. Likalia kiplastiki. Akafikiri. Kisha akasema, vizuri, basi anahitaji hati ya kuthibitisha kwamba ni bomba.

Nilidhani hapo ndipo tutageuza magari. Mzee akavua kofia. Ndani ya kofia, chini ya utepe, alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne: risiti ya duka la mabomba la Karama, bomba moja, kipenyo na urefu vimeandikwa. Aliitunza kwa miaka, akisema bomba lilikuwa na dhamana. Msimamizi akalipima bomba kwa utepe, akalinganisha na risiti, akaenda ofisini, akarudi nayo imepigwa muhuri. Tukaingia hotelini na gari la kivita kwa idhini ya fundi bomba.

Maonyesho yalianza saa tatu asubuhi. Nilisimama kando ya lori na koti la sufu, mbele yangu minara ya vioo na boti nyeupe za matajiri, jasho likinishuka hadi ndani ya buti. Kufika saa nne palikuwa na foleni. Watu walisoma kibao, wakanitazama, wakaniomba mkono. Wengine walipiga picha na mimi. Mama mmoja wa Kizungu alinishika bega huku machozi yakimlengalenga, akauliza kama babu aliweza kuwasamehe maadui.

"Alisamehe kila kitu isipokuwa wali," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole kama aliyeambiwa jambo zito.

Sasa nikiri. Mtu hawezi kuulizwa habari za babu yake saa nzima akaendelea kujibu sijui. Kwanza inachosha. Pili, ni aibu, kama kwamba huna kwenu. Mara ya kumi nilisema huenda alivuka mto. Mara ya ishirini mto ulikuwa na mamba. Kufika adhuhuri babu alikuwa amevuka mito mitatu, amelala juu ya usukani siku mbili, na ameponya injini kwa kamba ya kiatu. Watu walinisikiliza. Nilikuwa nimekaa Dubai karibu nusu mwaka, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali lenye zaidi ya maneno matatu. Sir yuko wapi. Nani ameegesha hapa. Siku ile watu walinyamaza ili mimi niseme, na nilipenda. Mzee alikuwa kando anakula sambusa za hoteli, ananitazama kama anayemtazama mtu akipanda ngazi isiyo na ukuta.

Ukuta ulikuja kwa umbo la Mwingereza mstaafu mwenye kaptula na miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kifuani. Wenzake walimheshimu sana. Walisema anajua kila msumari wa kila gari la jeshi lililopata kutengenezwa. Alisikiliza mto wa tatu hadi mwisho kwa adabu kamili. Kisha akatandika gazeti juu ya vigae vya hoteli, akalala chali, akajiburuza chini ya lori. Sir akanikonyeza kwa furaha. Tulidhani anaheshimu.

Alikaa chini kule muda wa kutosha chai kupoa. Alipotoka alibadilisha miwani, akafungua mlango, akainua kiti cha dereva, akasoma kibati kilichokuwa chini yake.

"Lori zuri sana," akamwambia sir. "Zima kabisa. Limetoka kiwandani miaka saba baada ya vita kwisha."

Sir akainama kukisoma kibati mwenyewe.

"Aina hii ilitumika kambini wakati wa amani," Mwingereza akaendelea, kwa upole wa daktari. "Hili lenyewe, kwa namba hizi, lilikuwa la kugawa mikate."

Watu waliokuwa kwenye foleni walitazama kibao, wakanitazama mimi, kisha wakaanza kutazama simu zao. Nilitamani koti linimeze, na lilikuwa kubwa vya kutosha.

Wakati huo, kati ya nyakati zote alizopewa na Mungu, Mzee akaona ni wakati wake. Akajifuta mafuta ya sambusa, akasogea.

"Arbab," akamwambia sir, kama mafundi wa Ghuba wanavyomwita tajiri wao, "kwa kuwa leo ni siku ya ukweli, na lile doa pia. Lile ni ukwaju. Mwaka lori lilipokuja nilimwagikiwa na birika zima la maji ya ukwaju. Nilikuja na tambara kulifuta nikakuta umeshaweka kamba. Nikaona haya."

Sir alisimama katikati ya ule ua, kanzu imemnyooka, uso umemsinyaa. Alilitazama lori kama mtu aliyegundua mkewe ana jina jingine. Kisha akanigeukia.

"Babu yako amenidanganya," akasema.

"Sir, babu yangu alikufa nikiwa na miaka tisa."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kumlaumu sana."

Akaondoka kwa miguu, akapita katikati ya magari ya wenzake bila kugusa boneti hata moja.

Wiki sita hakuja ghalani. Kibao kiling'olewa na Mzee, kikaacha matundu manne mengine. Kamba ya doa hakuna aliyetuambia tuiondoe, kwa hiyo niliendelea kulinda ukwaju. Nilingoja kufukuzwa kila asubuhi. Badala yake likizo yangu ikafika, nikapewa tiketi kama kawaida, nikaenda nyumbani na aibu yangu kwenye sanduku.

Kilichoniuma haikuwa uongo wenyewe. Watu huongopa kazini kila siku. Kiliniuma kwamba nilimbunia babu maisha kwa sababu ya kwake sikuwahi kuyauliza. Siku ya pili nyumbani nilikwenda kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa babu. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamuuliza babu aliendesha lori gani vitani.

"Lori?" akasema. "Baba yangu? Aliogopa magari hadi kufa. Hata hospitali alikwenda kwa toroli. Vitani alikuwa anachunga nyumbu."

Nikajua ni uzee. "Shangazi, nyumbu ni wa Mara."

"Wa Mara ni wa Mara. Huyu ni yule wa punda kuzaa na farasi. Wazungu waliwabebesha mizigo milimani, na kila askari wa kundi lao alipewa wake. Waliwakata sauti kooni ili wasilie, adui asisikie. Baba alisema usiku alikuwa anakwenda na mnyama anafungua mdomo, anavuta pumzi, na hakuna kinachotoka. Akawa anamnong'oneza, ili angalau mmoja wao aseme."

Aliweka mboga chini.

"Alimpenda. Sasa huko msituni chakula kilidondoshwa kutoka ndegeni. Magunia. Siku moja gunia la mchele likakosa njia, likamwangukia yule nyumbu, akafa papo hapo. Na jioni ile walipikiwa wali."

Kuku alikuwa anadonoa majani ya mboga na hakuna aliyemfukuza. Nilikumbuka mzee ameshika kigoda anatoka nje, na sisi watoto tukicheka, tukisema babu anaogopa wali.

Nilirudi Dubai nikiwa nimeamua kumwambia sir ukweli hata kama ndiyo siku yangu ya mwisho. Sikuhitaji kumtafuta. Nilimkuta ghalani, amekaa kwenye ngazi ya lori, pale pale palipo marufuku, amevaa ndara. Alionekana amekonda. Nikavua kofia nikamweleza: hakuna lori, hakuna mto, hakuna mamba. Nikamweleza nyumbu, koo, gunia, na wali wa jioni. Kiingereza kiliniishia mara mbili, Mzee akatoka chini ya ambulensi kunimalizia kwa Kiarabu.

Sir alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alijifuta macho kwa ncha ya kilemba chake.

"Khalas," akasema. Akainuka akaenda zake.

"Sasa kwisha," nikamwambia Mzee. "Nifungashe?"

"Ngoja," Mzee akasema. "Simpendi akinyamaza. Akinyamaza hununua."

Siku kumi na mbili baadaye lori la mifugo lilirudi nyuma hadi mlangoni mwa ghala letu. Sir alishuka mbele, peku tena, uso unang'aa. Ubao ulipoteremshwa akatokea nyumbu: mkubwa, wa kijivu, masikio kama makasia, ametoka nchi nyingine kwa karatasi nyingi kuliko nilizotoka nazo mimi. Sir alimwingiza mwenyewe kwa kamba, akamsimamisha kwenye mstari, kati ya jipu na ambulensi, akarudi nyuma kutazama kama pengo limezibika.

"Sir," nikasema, "huyu si nyumbu wa babu yangu."

Niliona ni vizuri kulisema hilo mapema.

"Najua," akajibu. "Yule aliuawa na wali. Huyu ni gari la aina ile ile."

Mzee alimzunguka yule mnyama mara moja, akatangaza kwamba yeye ni fundi wa vitu vyenye boneti na huyu hana, kwa hiyo ni wa mlinzi. Hivyo nikawa mchunga nyumbu. Nilimfuta vumbi kwa brashi ile ile, lote, la zamani na jipya. Huyu hakukatwa sauti, na aliitumia. Alilia alfajiri, alilia adhuhuri, alilia kila mara kiwanda cha ngazi kilipokata alumini, akidhani anajibiwa. Wiki ya kwanza alikula turubai la lori upande mmoja. Wiki ya pili alivuka kamba nyekundu, akalilamba doa la ukwaju hadi mbao zikawa nyeupe. Sir alipoona alicheka hadi akashika ukuta. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile.

Wiki ya tatu madam alikuja na utepe wake wa kupimia. Alifungua mlango, akamtazama nyumbu, nyumbu akamtazama. Akaufunga mlango taratibu. Jioni sir alipiga simu kusema mnyama atahamia shambani kwake, nje ya mji, kwenye zizi la ngamia, na kwamba ghala sasa litakuwa na kona ya manukato. Nadhani yalikuwa makubaliano mazuri kwa wote.

Tulimpeleka Ijumaa asubuhi. Mimi nilikaa nyuma naye nikishika kamba, njia nzima akinitafuna mkono wa sare. Shambani ngamia walikusanyika upande mmoja wa zizi wakamtazama kama wenye nyumba wanaomtazama mpangaji mwenye redio. Naye akagoma kushuka. Sir alivuta, mchungaji wa pale akasukuma, wakamwekea tende. Hakutingishika.

"Babu yako alikuwa anamnong'oneza nini?" sir akaniuliza.

Sikujua. Shangazi hakusema, na safari hii sikutaka kubuni. Lakini tulikuwa juani, mnyama amesimama kama ukuta, na mimi lugha ya wanyama niliyonayo ni moja, ile ya utotoni. Nikamsogelea sikioni nikayasema maneno mawili ya Kilogoli tunayowaambia ng'ombe wakiingia shambani. Akatega sikio, akashuka.

Sir aliomba nimfundishe. Nilimfundisha pale pale, akarudia mpaka akayashika, kwa lafudhi yake ya Ghuba. Nilifanya kazi kwake miaka miwili zaidi kabla ya kupata nafasi ya ulinzi kwenye jengo moja kule Marina, na mara nyingi Ijumaa alinichukua pamoja na Mzee twende tukamtazame. Alivua ndara, akamwekea nyumbu mkono shingoni, akamnong'oneza yale maneno kwa sauti ya mtu anayeswali, macho amefumba. Aliniuliza mara moja maana yake. Nikamwambia ni maneno ya nyumbani, na hilo lilikuwa kweli. Maana yake ni, toka kwenye mahindi.